Burundi baada ya vita: maswali ninayoulizwa hapa Kigoma

Nilipostaafu ualimu nilidhani nitalima maharage tu hapa Kasulu. Badala yake nikawa mtu wa kuulizwa. Nilifundisha Historia na Uraia, na Kirundi ninakisikia vizuri kwa sababu sisi Waha tunasikilizana nacho bila mkalimani, kwa hiyo watu wananifuata: aliyezaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambaye babu yake aliingia Tanzania akikimbia mwaka 1972, Mha mwenye shangazi aliyeolewa ng'ambo ya Malagarasi, hata vijana wa bodaboda wanaobishana kijiweni. Maswali ni yaleyale, nami nimechoka kuyajibu nusunusu barabarani. Nimeyaandika hapa.

Niseme mapema ninapimaje. Naheshimu mikataba na katiba, na nitazieleza. Lakini kipimo changu ni mtu mmoja aliyerudi kilimani kwao (kule Burundi kilima ndicho kijiji): je, anaweza kumpinga kiongozi wa eneo lake mchana, halafu usiku akalala usingizi? Nikijibu swali lolote hapa chini, ndicho ninachokitafuta.

Vita vya Burundi vilianza lini na viliisha lini?

Inategemea unamuuliza nani. Wengi wanaanza na tarehe 21 Oktoba 1993, wanajeshi wa jeshi lililotawaliwa na maofisa wa Kitutsi walipomuua Rais Melchior Ndadaye, Mhutu. Alikuwa amechaguliwa Juni mwaka huohuo na amekaa madarakani miezi mitatu na ushei. Habari zilipofika vilimani, Watutsi wengi waliuawa na majirani zao, wakiwemo wanafunzi wa Kibimba waliochomwa moto. Jeshi nalo likalipiza kwa kuwaua Wahutu. Vita viliendelea mpaka kundi kubwa la waasi, CNDD-FDD, lilipotia saini Dar es Salaam tarehe 16 Novemba 2003. Kundi la mwisho, FNL, liligeuka chama cha siasa mwaka 2009. Waliokufa wanakadiriwa kuwa 300,000.

Mzee wa Ulyankulu, makazi ya wakimbizi wa 1972 huku Tanzania, atakukatalia. Kwake vita vilianza Aprili 1972, na vina jina: *ikiza*, yaani janga. Uasi wa Wahutu ulizuka kusini, upande wa Rumonge na Nyanza-Lac, na Watutsi wakauawa. Serikali ya Rais Michel Micombero, Mtutsi, ikajibu kwa kuwasaka Wahutu waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani, askari, watu wa kanisani. Makadirio ya waliouawa yanaanzia 100,000 na kufika 300,000. Waliotoa amri hawakufikishwa mahakamani.

Darasani nilikuwa nakataa mwanafunzi aandike tarehe moja pekee. Anayeshika 1972 tu anawasahau waliochomwa Kibimba, na anayeshika 1993 tu anawasahau walimu waliopakiwa kwenye malori. Nchi haijengwi kwa kuwahesabu marehemu wa upande mmoja.

Mkataba wa Arusha ulisema nini hasa? Kila mtu anautaja, hakuna anayeueleza.

Kweli kabisa. Mazungumzo yalianza Arusha Juni 1998, msuluhishi akiwa Mwalimu Nyerere. Mwalimu akafariki tarehe 14 Oktoba 1999 kabla kazi haijaisha, na Nelson Mandela akaipokea. Mandela hakuwabembeleza wakubwa. Wakati ule jeshi lilikuwa limewakusanya kwa nguvu wakulima zaidi ya 300,000 wa pembezoni mwa Bujumbura katika kambi za vilimani, bila maji wala vyoo vya kutosha. Alizipinga hadharani, na mwaka 2000 zikafungwa. Mkataba ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000.

Una sehemu tano, zinazoitwa itifaki. Ya kwanza inataja asili ya mgogoro, na hapo pande zote zilikubali kuandika maneno mazito kama mauaji ya kimbari na kutengwa. Ya pili ni ya utawala, ya tatu ya amani na jeshi. Ya nne ni ya kuijenga nchi upya, nayo ndiyo inayozungumzia wakimbizi na mashamba yao. Ya tano ni ya dhamana za utekelezaji.

Kasoro yake kubwa: waliokuwa wanapigana porini hawakuwepo mezani. Kwa hiyo karatasi ilisainiwa mwaka 2000 na risasi zikaendelea kulia angalau miaka mitatu zaidi. Hata hivyo CNDD-FDD ilipoingia, iliingia ndani ya nyumba ambayo Arusha ilikwisha kuijenga. Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni tarehe 28 Februari 2005 ilibeba sehemu kubwa ya mkataba ule.

Mbona katiba yao inahesabu Wahutu na Watutsi? Si ndicho kilichowaua?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu kila anayeuliza anadhani jibu liko wazi.

Katiba ilisema hivi. Bunge la Taifa na serikali visizidi asilimia 60 ya Wahutu na asilimia 40 ya Watutsi. Seneti nusu kwa nusu. Batwa, ambao kila mtu huwasahau, wawe na viti vitatu bungeni na vitatu Seneti. Wanawake wasipungue asilimia 30. Viongozi wa tarafa nchi nzima, zinazoitwa komini, wasizidi asilimia 67 kutoka kundi moja.

Rwanda ilichagua njia nyingine, ya kulifuta neno lenyewe katika vitambulisho na hotuba. Burundi ikasema: jambo lipo, tulitaje mchana, tuliwekee vipimo. Mimi naona kwa Burundi ilikuwa hekima. Mtutsi aliyeogopa kwamba kura za wengi zitakuwa hukumu yake ya kifo alipata kizingiti cha kumkinga. Mhutu aliyezuiwa jeshini na serikalini kwa miaka thelathini alipata mlango ambao haufungwi kwa siri. Tena likatokea jambo ambalo wengi hawakulitegemea: kwa kuwa kila chama kinahitaji watu wa makundi yote ili kijaze orodha yake, ugomvi wa siasa ulianza kupita ndani ya makundi badala ya kati yao. Wahutu wakapingana na Wahutu kwa sera na madaraka. Hiyo ni siasa ya kawaida, na kwa Burundi kawaida ilikuwa zawadi.

(Hata neno kabila silipendi hapa. Lugha ni moja, vilima ni vilevile, waliokuwa wakiomba mvua waliomba kwa Imana, Mungu, mmoja. Lakini nitalitumia kwa kukosa lingine.)

Katiba mpya iliyopigiwa kura Mei 2018 ilibakiza vipimo hivi, ila iliipa Seneti jukumu la kuvipitia upya ndani ya miaka mitano. Ilipunguza pia kinga nyingine: sheria za kawaida hazihitaji tena theluthi mbili za wabunge, na muhula wa rais umekuwa wa miaka saba. Wenye wasiwasi wana sababu.

Jeshi lilichanganywaje? Watu waliokuwa wakiwindana wanalalaje bweni moja?

Kanuni ilikuwa nyepesi kuandika na nzito kutekeleza: hakuna kundi litakalozidi asilimia 50 ya jeshi. Jeshi la zamani lilitawaliwa na maofisa wa Kitutsi, waasi wengi walikuwa Wahutu. Waliunganishwa kuanzia mwisho wa 2004, wengine wakapewa mafao wakaenda nyumbani. Walipangwa pamoja katika vikosi, wakafunzwa pamoja, na baadaye wakapelekwa Somalia kulinda amani. Ukishalinda mgongo wa mtu Mogadishu, ni vigumu kumrudia kwa historia ya baba yake.

Kipimo kilikuja tarehe 13 Mei 2015, Jenerali Godefroid Niyombare alipotangaza mapinduzi wakati Rais Nkurunziza yuko Dar es Salaam kwenye mkutano. Jeshi liligawanyika, lakini halikugawanyika kwa kabila. Walioasi na waliotii walitoka pande zote. Ukilinganisha na 1993 utaona umbali waliotembea.

Mwalimu, shamba la babu lipo Nyanza-Lac. Tukirudi tutalipata?

Hapa naomba ukae, maana jibu ni refu.

Burundi yote ina kilomita za mraba 27,834. Ni ndogo kuliko mkoa wetu wa Kigoma, na ina watu zaidi ya milioni kumi, wengi wao wakiishi kwa jembe. Ndiyo maana shamba kule halizungumzwi kama tunavyozungumza sisi. Sisi tukigombana bado kuna pori la mbele.

Wakimbizi wa 1972 walipoondoka, mashamba yao kusini, hasa yale ya michikichi kando ya ziwa, hayakubaki wazi. Mengine yalichukuliwa na majirani au wakubwa. Mengine serikali yenyewe iliwagawia watu wengine, Wahutu kwa Watutsi, na kuwapa karatasi. Kisha sheria ya ardhi ya 1986 ikasema aliyekaa kwenye shamba miaka 30 bila kupingwa ni lake, na aliyeingia kwa nia njema miaka 15 inamtosha. Sasa mkimbizi aliyeko makazi ya Mishamo, huku Tanzania, angepingaje?

Mkataba wa Arusha ukasema mkimbizi lazima aweze kurudishiwa mali yake, hasa ardhi, na ikishindikana alipwe fidia ya haki. Maneno mazuri. Mwaka 2006 ikaundwa tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine, inayojulikana kwa herufi zake za Kifaransa, CNTB. Mwanzoni tume ilielekea kuwagawa: nusu kwa aliyerudi, nusu kwa aliyemkuta. Kuanzia 2011 ikabadili mwelekeo, ikawa inamrudishia mkimbizi shamba lote. Waliotolewa, ambao wengine walinunua kwa fedha zao halali au walizaliwa palepale, wakaandamana. Makamba, mkoa uliokuwa na Nyanza-Lac, ikachafuka, na mwaka 2015 kazi ya tume huko ikasimamishwa.

Wataka nisimame upande gani? Nimewasikiliza wote wawili. Nilimjua mzee mmoja wa Rumonge ambaye karibu miaka arobaini baada ya kukimbia bado aliweza kutaja mchikichi mmoja mmoja, na upi ulikuwa unazaa mapema. Shamba lile lilikuwa la kwake, hakuna sheria itakayonibadilisha mawazo. Lakini mama aliyepewa kipande hicho na serikali mwaka 1976, akazikia watoto wake hapo, hakumwibia mtu. Mwizi alikuwa serikali, na serikali ndiyo iliyopaswa kumlipa mmoja wao. Fidia iliyoandikwa Arusha ndiyo sehemu iliyotekelezwa kidogo kuliko zote, na hapo ndipo majirani walipoachiwa wagombane wenyewe kwa deni lisilo lao.

Ushauri wangu kwa anayeuliza. Usiuze hapa kila kitu kabla mtu mmoja wa familia hajaenda kuona kwa macho. Watafute wazee wa kilima, wale *abashingantahe*, kabla ya kukimbilia mahakamani. Wao ndio wanaokumbuka mpaka ulipita mti gani. Andika majina ya mashahidi wangali hai. Na ukimkuta mtu shambani, mfikie na salamu kwanza. Nimeona familia mbili zilizoanza kwa chai zikagawana na kuishi. Zilizoanza kwa wakili, sijazisikia zikisalimiana.

Dada yangu naye atarithi?

Katiba inasema wote ni sawa. Lakini Burundi haina sheria ya urithi iliyoandikwa, mila ndiyo inayogawa, na mila inampa mtoto wa kiume. Binti mara nyingi hupata kipande cha kulima tu, akiachwa na ndugu zake. Mjane aliyerudi na mabinti watupu anaanza akiwa nyuma ya wote. Ni aibu iliyobaki, na asilimia 30 ya wanawake bungeni haijaiondoa.

Waliouawa wamezikwa wapi? Kuna aliyejibu?

Tume ya Ukweli na Maridhiano ilipata sheria yake mwaka 2014, miaka kumi na minne baada ya Arusha. Januari 2020 ilifukua makaburi ya halaiki karibu na mto Ruvubu, mkoa wa Karusi, na kukuta mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Baadhi ya ndugu waliwatambua wapendwa wao kwa nguo, miwani na rozari. Fikiria: miaka karibu hamsini, na kinachokuambia kwamba huyu ni baba yako ni miwani.

Desemba 2021 tume ilitangaza kwamba yaliyotendwa mwaka 1972 dhidi ya Wahutu yalikuwa mauaji ya kimbari. Kabla yake, mwaka 1996, tume ya Umoja wa Mataifa ilikuwa imesema kwamba matendo ya kimbari yalitendwa dhidi ya Watutsi mwaka 1993. Naamini yote mawili yanapaswa kusemwa kwa sauti moja, na malalamiko kwamba tume ilichimba zaidi upande mmoja ni ya kusikilizwa. Mahakama maalumu iliyozungumzwa baada ya Arusha haikuundwa. Familia zimepewa mifupa bila hukumu.

Amani ilikuwepo. Kwa nini watu walikimbia tena 2015?

Kwa sababu ya sentensi moja. Mkataba wa Arusha ulisema hakuna atakayekuwa rais zaidi ya mihula miwili. Katiba ya 2005 ilisema rais anachaguliwa na wananchi wote kwa muhula wa miaka mitano unaoweza kurudiwa mara moja. Pierre Nkurunziza, mara ya kwanza, alichaguliwa na wabunge. Chama chake, CNDD-FDD, kikasema: basi huo hauhesabiki. Aprili 2015 kikamsimamisha tena. Mahakama ya Katiba ikakubali, lakini makamu wa rais wa mahakama hiyo alikimbia nchi akisema majaji walishinikizwa.

Watu wakaingia barabarani Bujumbura, wakapigwa risasi. Redio binafsi zikachomwa na kufungwa. Vilimani, vijana wa chama tawala, *Imbonerakure*, wakaanza kuzunguka usiku. Hapo ndipo kipimo changu cha usingizi kilipofeli.

Sisi wa Kigoma tulikiona kwa macho. Kagunga ni kijiji cha wavuvi mpakani, hakina barabara, unafika kwa boti tu. Ndani ya siku chache kilijaa makumi ya maelfu ya watu waliolala ufukweni. Kipindupindu kikaingia. Walikufa watu 31, wawili kati yao Watanzania. Meli yetu kuukuu, MV Liemba, ilikuwa ikienda na kurudi ikibeba watu kama mia sita kwa safari. Walishushwa Kigoma, wakapumzishwa uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi ya Nyarugusu. Nilikwenda uwanjani na jirani zangu tukipeleka uji. Mama mmoja niliyempa kikombe aliniambia hii ni mara yake ya tatu: alikuja mgongoni mwa mamaye 1972, akaja na mimba 1996, na sasa amekuja na wajukuu. Alikuwa amerudishwa Burundi kutoka Mtabila, kambi ya hapa Kasulu iliyofungwa mwisho wa 2012. Nyumba yake mpya kule haikuwa imemaliza miaka mitatu.

Wale wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo ni Watanzania kweli au wa karatasi?

Ni Watanzania. Mwaka 2007 wakimbizi wa 1972 katika makazi hayo matatu, kama 218,000, waliulizwa wachague: kurudi au kuomba uraia. Asilimia 80 hivi walichagua kubaki. Waliopewa uraia ni 162,156. Nchi chache duniani zimefanya jambo kama hilo kwa mkupuo, na tujivunie.

Lakini tuseme na lililouma. Uraia ulitangazwa mwaka 2010, vyeti vikaanza kugawiwa Oktoba 2014. Katikati waliambiwa watahamishwa watawanywe mikoa mingine, na kwa hiyo hakuna aliyethubutu kujenga wala kupanda mti. Walikuwa wameukana uraia wa Burundi na hawajashika wa Tanzania. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, mzaliwa wa Ulyankulu, aliniletea cheti chake nikione. Alikuwa amekifunga kwa nailoni mbili, kikiwa katikati ya Biblia.

Anayewaita wakimbizi leo anakosea kisheria na anakosea adabu. Wanapiga kura, wanagombea, wanasoma kwa mkopo kama mwanao.

Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu ni raia wa wapi?

Kwa utaratibu unaofuatwa, kuzaliwa kambini peke yake hakumfanyi Mtanzania. Kama baba yake ni Mrundi, sheria ya uraia ya Burundi ya mwaka 2000 inamtambua. Shida iko kwa mama: sheria hiyo haimpi mama Mrundi nguvu sawa na baba ya kumrithisha mtoto uraia. Na Nyarugusu kuna Wakongo tangu 1996, watu wameoana. Kwa hiyo cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili si karatasi ya kupuuza. Kikiharibika, fuatilia kingine ungali na mashahidi.

Je, mkimbizi anaweza kulazimishwa kurudi?

Hapana. Mkataba wa wakimbizi wa 1951 unakataza kumrudisha mtu kwenye hatari, na ule wa nchi za Afrika wa 1969 unasema kurudi lazima kuwe kwa hiari. Tanzania imo katika yote miwili. Hiari nayo ina maana yake: ukimfungia mtu soko na kumnyima kibali cha kutoka kambini kutafuta kibarua, halafu ukamuuliza kama anataka kurudi, ndiyo yake ina kasoro.

Kuna mfano wowote wa kutia moyo?

Buta, katika mkoa wa Bururi wa wakati ule. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 waasi waliingia seminari ndogo, wakawaamsha wanafunzi bwenini na kuwaamuru wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Walikataa. Waliulizwa tena, wakashikana. Arobaini waliuawa pamoja. Walikuwa vijana, wengine hawajamaliza kidato. Nilikuwa nawasomea wanafunzi wangu habari hii kila mwaka, na kila mwaka darasa linanyamaza vilevile.

Ungekuwa wewe, mwalimu, ungerudi?

Sijawahi kukimbia, kwa hiyo sina haki ya kumjibia mtu. Yule mzee wa Rumonge alirudi mwaka 2009 na kupata robo ya shamba. Mwanawe alibaki Tanzania akachukua uraia. Kabla ya 2015 mzee alikuwa akimtumia mawese kwa boti mpaka Kibirizi, ufukwe wa boti hapa Kigoma, dumu moja kila msimu. Mwaka ule madumu yalikatika. Mwanawe alikuwa akishuka ufukweni kila boti ya Burundi ilipotia nanga, akiulizia. Msimu wa tatu dumu likaja, na juu yake mzee ameandika kwa makaa jina la mti uliozaa.